Katibu akigombea, aliweke daftari mezani: barua ya wazi kwa wabunge wa Georgia

Kwa Waheshimiwa Wabunge na Maseneta wa Baraza Kuu la Jimbo la Georgia, Atlanta.

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Clarkston, Kaunti ya DeKalb, mwendo wa nusu saa hadi kwenye kuba lenu la dhahabu, kama foleni imeamua kuwa na huruma. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Nakala ya Kiingereza mtaipata ofisini kwenu. Hii ni ya majirani zangu, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, ambao kila uchaguzi mnawagongea milango kuwaomba kura, na ambao wanastahili kusikia na wao mnaombwa nini kuhusu Katibu wa Jimbo anayegombea cheo huku yeye mwenyewe ndiye msimamizi wa uchaguzi.

Oktoba 2022 nilikaa na mama jikoni, karatasi ya mfano ya kura mezani, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Alikuwa amekula kiapo cha uraia mwaka huohuo baada ya miaka ishirini na moja ya kadi ya kijani, na kwa umri wake aliruhusiwa kufanya mtihani kwa Kiswahili. Kiingereza chake ni cha dukani. Sheria ya shirikisho haiwalazimu ninyi kumchapia karatasi ya kura kwa lugha yake, maana lugha inazozilinda ni Kihispania na zile za Waasia na za wenyeji wa asili. Za Afrika hazimo. Ila inampa asiyeweza kusoma karatasi hiyo haki ya kuingia kituoni na mtu amtakaye amsaidie, mradi mtu huyo asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mtu wa mama ni mimi. Kwa hiyo tulikuwa tunafanya mazoezi.

Ugavana tuliumaliza upesi. Useneta vilevile, maana matangazo ya Warnock na Walker yalikuwa yametuchosha mpaka tunayajua kwa moyo. Tukafika kwa Katibu wa Jimbo.

“Huyu ni katibu wa nani?” mama akauliza.

“Wa jimbo zima, mama.”

“Katibu si ndiye wa kuandika yaliyosemwa kikaoni?”

Hakukosea sana. Cheo hicho kina vituko. Kule Washington, jina hilohilo la Kiingereza ni la waziri wa mambo ya nje, yule anayepanda ndege kwenda kusuluhisha vita vya watu. Likishuka majimboni linakuwa la mtunza muhuri. Nikamwambia huyu ndiye ambaye bodi ya manesi iko chini ya ofisi yake, iliyompa dada leseni ya kazi. Ndiye aliyesajili kampuni ya mjomba ya lori moja. Na juu ya hayo yote ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi wa Georgia. Mama akaweka kidole kwenye jina la kwanza.

“Huyu si ndiye aliyeko kitini?”

“Ndiye. Raffensperger.”

“Anashindana na huyu mama wa pili, Nguyen?”

“Na mwingine wa tatu.”

“Na kura zikishahesabiwa, anayezipiga muhuri ni nani?”

Nikanyamaza kidogo. “Ni yeye.”

Mama akavua miwani. “Huku nako!”

Ili mwelewe uzito wa hilo “huku nako”, lazima niwapeleke Voi, Kenya. Kabla hajaja Marekani, mama alikuwa katibu wa chama cha akina mama kwa miaka tisa. Ni kile cha kuchangiana pesa kwa mzunguko, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, chini ya mwembe wa mmoja wao. Chama kilikuwa na daftari moja la jalada gumu, kona zimeliwa na mende, na ndani yake nani ametoa, nani anadaiwa, nani ana haki ya kupiga kura kwa kuwa hadaiwi. Mwaka ambao mama alitaka uenyekiti, jambo la kwanza aliloambiwa na wenzake lilikuwa: weka daftari mezani. Hakuna aliyemshuku. Wengine walikuwa wamezaa nae hospitali moja. Aliliweka, akakabidhiwa mjumbe asiyegombea kitu, uchaguzi ukafanyika. Mama alishindwa kwa kura mbili. Mpaka leo, akisimulia, anakiri kwamba alishindwa kihalali, na anajua vilevile kwamba angeshinda siku ile, hakuna ambaye angemnong'ona kisimani.

Waheshimiwa, ombi langu kwenu ni hilohilo la chini ya mwembe. Katibu wa Jimbo akichukua fomu ya kugombea cheo kingine, aliweke daftari mezani.

Ninyi mnajua kwa nini nalisema hapa Georgia. Mwaka 2018 Brian Kemp, Mrepublican aliyekuwa Katibu wa Jimbo, aligombea ugavana dhidi ya Mdemocrat Stacey Abrams huku akibaki kitini. Yeye ndiye aliyekuwa na daftari la wapiga kura. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi ikajulikana kuwa maombi ya kujiandikisha ya watu kama 53,000 yalikuwa yamewekwa kando, mengi kwa sababu jina au namba kwenye fomu havikulingana herufi kwa herufi na kumbukumbu za leseni za udereva au za Hifadhi ya Jamii. Wengi wao walikuwa weusi. Ofisi yake ikajibu kwamba watu hao wangeweza kupiga kura wakionyesha kitambulisho kituoni, na hilo lilikuwa kweli. Lakini hebu chukueni jina la Kitaita kama Mwang'ombe. Ile ritifaa katikati, kompyuta moja inaimeza, nyingine inaweka nafasi, ya tatu inalikata jina vipande viwili na kukiita cha kwanza jina la ukoo. Mtu mmoja, majina matatu, na sheria inasema yalingane. Halafu anayeamua kama yanalingana jina lake mwenyewe liko juu ya karatasi ya kura.

Kulikuwa na kundi jingine linalotuhusu zaidi sisi. Watu zaidi ya 3,000 walikuwa wamewekewa alama ya kutokuwa raia kwa sababu kumbukumbu za zamani za leseni zilikuwa za wakati hawajapata uraia. Walikuwa wameshaapa, wana hati, wamepeperusha bendera ndogo ile ya plastiki. Tarehe 2 Novemba 2018, siku nne kabla ya kura, jaji wa shirikisho Eleanor Ross aliamuru wakubaliwe kupiga kura wakionyesha ushahidi wa uraia wao pale kituoni. Siku nne! Jumapili iliyofuata, zikiwa zimebaki siku mbili, ofisi ya Katibu ilitangaza kwenye tovuti yake rasmi, ile ambayo watu huingia kutafuta kituo chao, kwamba inakichunguza chama cha Democratic cha Georgia kwa jaribio la kudukua mfumo wa wapiga kura. Mwaka 2020 ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilifunga uchunguzi huo bila kupata ushahidi. Kufikia hapo gavana alikuwa ameshakaa ikulu zaidi ya mwaka.

Kemp alishinda kwa kura kama 55,000. Akajiuzulu ukatibu tarehe 8 Novemba, siku mbili baada ya uchaguzi. Sijui mnaliitaje hilo kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ni kufunga banda farasi ameshafika sokoni.

Sisemi aliiba, na ushahidi wa kusema hivyo sina. Shirika la Abrams, Fair Fight, lilifungua kesi kubwa dhidi ya taratibu za uchaguzi za jimbo, na Septemba 2022 jaji wa shirikisho akaamua kwamba taratibu hizo hazikuvunja sheria. Sawa. Nimeisoma hukumu na nimeipokea. Ila jirani yangu wa ghorofa ya chini, aliyepiga kura yake ya kwanza mwaka 2018, hukumu haijamfikia na haitamfikia. Anachokijua yeye ni kwamba refa alikuwa amevaa jezi.

Aliyemwonya Kemp mapema hakuwa mgeni. Oktoba 2018 mzee Jimmy Carter, rais wa zamani na mtoto wenu wa Plains, alimwandikia barua akimtaka aachie kiti. Carter aliyajua haya mambo kuliko wengi, kwa kuwa kituo chake hapa Atlanta kimekuwa kikituma waangalizi wa uchaguzi kwetu, Kenya na Kongo, miaka nenda rudi. Agosti 2017 kituo hicho kilimtuma John Kerry Nairobi, akatusifia kazi nzuri. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wenyewe. Waangalizi nao ni binadamu. Kerry huyohuyo, kama mnakumbuka, urais ulimponyoka mwaka 2004 kwenye jimbo la Ohio, ambako Katibu wa Jimbo, Ken Blackwell, alikuwa pia mwenyekiti mwenza wa kampeni za Bush jimboni humo. Na miaka minne kabla ya hapo ilikuwa Florida, Katherine Harris, cheo kilekile, uenyekiti mwenza wa kampeni uleule, na tofauti ya kura 537.

Nisije nikaonekana nawasuta Warepublican peke yao. Mwaka 2022 Katie Hobbs, Mdemocrat, aligombea ugavana wa Arizona akiwa Katibu wa Jimbo, akakataa kukaa pembeni, akashinda kwa kura 17,117. Mpinzani wake, Kari Lake, akaenda mahakamani mara chungu nzima na kushindwa, lakini lile swali la “mbona alijisimamia mwenyewe” Hobbs alimpa bure. Hapa kwetu Cathy Cox, Mdemocrat pia, alitafuta ugavana kwenye kura za mchujo za 2006 akiwa kitini. Na Septemba 2025 Raffensperger naye akatangaza kwamba anautaka ugavana. Kiti hiki kimekuwa ngazi.

Sasa niwaonyeshe tundu lenyewe, maana mnalijua na hamlisemi. Katiba yenu ya 1983 inasema mwenye cheo cha kuchaguliwa akichukua fomu ya cheo kingine, kiti chake kinahesabika kiko wazi. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilitaka kupiga makofi. Kisha nikafika mwisho wa sentensi: ni pale tu muhula wa cheo anachokitafuta unapoanza zaidi ya siku 30 kabla muhula wake wa sasa haujaisha. Gavana na Katibu wa Jimbo wanaapishwa Januari ileile. Kwa hiyo diwani wa mji mdogo anayetaka ubunge katikati ya muhula lazima aondoke, ila msimamizi wa uchaguzi wa jimbo zima anayetaka ugavana anabaki na funguo mfukoni.

Aliyeondoka bila kulazimishwa yupo. Karen Handel, Katibu wa Jimbo, alijiuzulu mwishoni mwa 2009 ili agombee ugavana wa 2010. Kiti kikawa wazi, gavana akamteua mtu wa kukishika. Mtu huyo aliitwa Brian Kemp. Yaani Kemp aliukalia ukatibu kwa sababu mwenzake alilitua daftari, na zamu yake ilipofika hakulitua. Handel alishindwa kwenye mchujo ule, kwa kura chache mno, na sijasikia mtu akisema aliibiwa wala aliiba.

Mtaniambia Raffensperger amethibitisha kuwa mtu mwadilifu anaweza kukaa kitini na akasimama wima. Nakubali, na nampa heshima yake. Tarehe 2 Januari 2021 Rais wa nchi, Donald Trump, alimpigia simu, akaongea naye kama saa nzima, akimtaka amtafutie kura 11,780, moja zaidi ya zile alizoshindwa. Kura karibu milioni tano zilikuwa zimeshahesabiwa mara tatu, mara moja kwa mikono. Akakataa. Ni mtu wa chama chake mwenyewe aliyekuwa upande wa pili wa simu. Mimi siku ile nilijivunia kuishi Georgia kuliko siku yoyote kabla au baada.

Na ninyi mlimlipa nini? Machi 2021, kwa mswada wa Seneti namba 202, mlimvua uenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo na mkajipa wenyewe mamlaka ya kumweka mwenyekiti. Mwaka 2024 mkamtoa kwenye bodi kabisa. Bodi hiyo, ikiwa haina Katibu, ikapitisha kanuni wiki chache kabla ya uchaguzi wa urais, pamoja na ile ya kuhesabu karatasi kwa mikono vituoni usiku, na majaji wakazizuia Oktoba. Kwa maneno mengine, mlipoamka kumpunguzia Katibu mamlaka, mlimpunguzia yule aliyekataa kupinda, na kwa kosa la kukataa. Tundu la 2018 mkaliruka kama shimo la barabarani ambalo dereva wa daladala amelizoea.

Wapo kati yenu watakaosema dawa ni kuacha kumchagua, ateuliwe. Hapo mtanisamehe, nimetoka huko. Kenya mwaka 2007 makamishna wa uchaguzi walikuwa wa kuteuliwa na Rais, na Rais Kibaki alikuwa amejaza nafasi kadhaa mwaka huohuo bila kushauriana na upinzani, kinyume na mapatano ya 1997. Mwenyekiti Samuel Kivuitu alimtangaza Kibaki mshindi tarehe 30 Desemba, na siku chache baadaye akawaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Watu zaidi ya elfu moja walikufa. Voi haikuungua, lakini mabasi yaliyopita kutoka bara yalikuwa na vioo vya makaratasi. Jirani zetu Tanzania, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi anateuliwa na Rais, ambaye mara nyingi yumo kwenye karatasi ya kura. Msidhani hayo ni ya Afrika tu. Florida, ukatibu ukawa wa kuteuliwa na gavana tangu 2003, sawasawa na mfumo tulioukimbia. Katibu wa kuteuliwa asingeijibu simu ile ya Januari kama alivyoijibu Raffensperger, au pengine angeijibu, lakini kesho yake asingekuwa kazini. Mchagueni, tena tumchague sisi. Raffensperger alirudi kwa wapiga kura mwaka 2022, akampiga kwenye mchujo Jody Hice aliyeungwa mkono na Trump, akashinda na Novemba. Hiyo ndiyo faida ya kiti cha kuchaguliwa na sitaki mtunyang'anye.

Linabaki swali la mama la jikoni: akitetea kiti hichohicho, je? Hapo huwezi kumwambia ajiuzulu, kila muhula mngekuwa na kaimu. Kwa hilo nendeni Minnesota mkaone. Useneta wa 2008 kule, Mdemocrat Franken na Mrepublican Coleman, uliishia tofauti ya kura 312 katika kura karibu milioni tatu. Katibu wa Jimbo, Mark Ritchie, alikuwa Mdemocrat. Lakini sheria yao haimwachi peke yake na muhuri. Anakaa mezani na majaji wanne, wawili wa Mahakama ya Juu na wawili wa wilaya. Wale wawili wa Mahakama ya Juu walikuwa wameteuliwa na gavana Mrepublican. Kura zenye utata zikaonyeshwa hadharani moja baada ya nyingine, watu wanatazama, pamoja na ile maarufu ambayo mpiga kura alikuwa ameandika kwamba anawataka “watu mijusi”. Walijadili mijusi kwa uso mkavu, majaji wazima. Kesi ilikwenda mpaka katikati ya 2009, lakini sikumbuki mtu mwenye akili zake akisema Ritchie alimpendelea mwenzake, maana hakuwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Na tafadhali msiniletee suluhisho la Kansas. Agosti 2018 Kris Kobach, Katibu wa Jimbo, alishinda mchujo wa ugavana kwa kura 343, na baada ya kelele akasema anajitoa kwenye usimamizi wa hesabu. Akamwachia naibu wake. Naibu aliyemweka mwenyewe! Chini ya mwembe wetu mtu akimkabidhi daftari binti yake, tunasema bado analo.

Najua pia jibu la kaunti. Mtasema kura Georgia zinaendeshwa na kaunti 159, Katibu hagusi sanduku. Kemp alilisema hilo sana. Lakini daftari la wapiga kura ni la jimbo. Mashine hununua jimbo, maelekezo yanatoka jimbo, na matokeo ya kaunti zote 159 yanaishia kwenye meza moja yenye kiti kimoja. Mtu wa kaunti akipata shaka saa tatu usiku, simu anaipiga huko.

Kwa hiyo ninachoomba ni vifungu viwili. Kwanza, lifuteni lile sharti la siku 30 kwa Katibu wa Jimbo, ili akichukua fomu ya cheo kingine chochote kiti kiwe wazi siku hiyohiyo, na atakayekikaimu asiwe anagombea lolote mwaka huo. Pili, matokeo ya mwisho yaidhinishwe na Katibu pamoja na majaji. La kwanza linahitaji marekebisho ya katiba, yaani theluthi mbili kila upande, wabunge 120 kati ya 180 na maseneta 38 kati ya 56, kisha sisi tuulizwe kwenye sanduku. Si kazi ndogo. Lakini hakuna hata mmoja wenu ambaye chama chake hakijawahi kulia kwa sababu ya refa: ninyi wa upande mmoja mlilia 2018, ninyi wa upande wa pili mkalia 2020.

Kikao chenu huanza Jumatatu ya pili ya Januari na kina siku 40 tu. Namba ya ofisi ya mbunge wangu nimeihifadhi kwenye simu. Mama amesema nikipiga niweke spika, nimtafsirie jibu neno kwa neno, na kama ni lile la “tutaliangalia” nisihangaike kulitafsiri, hilo analijua kwa Kiingereza.

Wenu,
Mpiga kura wa Clarkston, Kaunti ya DeKalb, Georgia